Thago, Debe na Pipa: Safari ya Pombe Chachu ya Kano

Mwanamke wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, aliyetaka pombe iwe tayari kwa Krismasi hakuweza kuamka tarehe 23 Desemba akaanza kazi. Alianza siku kumi kabla. Wimbi ulilowekwa usiku kucha, ukachujwa maji, ukafunikwa kwa gunia mahali penye joto hadi ukaota vijizizi vyeupe, kisha ukaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimera. Wakati wimbi ukiota, unga mwingine, zamani wa mtama na siku hizi zaidi wa mahindi, ulikandwa kwa maji na kuachwa siku mbili tatu hadi ukachacha. Donge hilo lilikaangwa juu ya moto mkali, likigeuzwageuzwa lisiungue, mpaka likawa chenga za rangi ya kahawia. Ndipo chenga na kimera vikaingia chunguni pamoja na maji, na chungu kikafunikwa. Kwa joto la uwanda ule, siku moja au mbili zilitosha.

Wajaluo huita pombe hiyo kong'o. Chungu kikubwa cha kuipikia ni thago, na mrija mrefu wa kuinywea ni oseke. Waluhya, majirani wa upande wa kaskazini, wana yao inayofanana nayo, nao ndio waliolipa taifa zima jina la busaa. Wakipsigis, ambao vilima vyao huonekana waziwazi kutoka soko la Awasi humo uwandani, walikuwa na pombe ya wimbi na mirija yao pia. Watu hawa walipigana kwa ajili ya ng'ombe na malisho kwa vizazi vingi, lakini juu ya namna ya kuandaa pombe hawakuwa na ugomvi.

Anayeionja mara ya kwanza hupigwa na uchachu kabla ya kitu kingine chochote. Unaanzia pembeni mwa ulimi, kama maziwa lala, kwa sababu bakteria wanaoichachusha ni wa jamaa moja na wale wanaogandisha maziwa: wote hutengeneza asidi ya laktiki. Nyuma ya uchachu kuna moshi na ladha ya kitu kilichokaangwa, karibu na ukoko wa ugali. Kisha pumba laini hubaki kwenye meno. Kileo chenyewe ni kidogo, asilimia 2 hadi 4 tu, na ndiyo sababu wazee waliweza kukaa nayo kuanzia alasiri hadi usiku bila mtu kubebwa. Zaidi ya hayo, hunywewa ikiwa vuguvugu: chungu kikipungua, maji ya moto huongezwa juu ya machicha na mirija ikaendelea kuvuta. Mimi naiona ladha hiyo kuwa bora kuliko ya bia yoyote ya chupa inayouzwa kati ya Kisumu na Kericho, ingawa najua nikisema hivyo baa nitachekwa.

Huko Ubelgiji wapo wanaonielewa. Kandokando ya mji wa Brussels kuna bia iitwayo lambic, ambayo huachwa wazi usiku mmoja ipokee chachu za hewani, kisha hukaa ndani ya mapipa ya mwaloni mwaka mmoja hadi mitatu. Nyingine hutiwa matunda ya cheri ikaitwa kriek. Kiwanda cha Cantillon kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu 1900. Wamarekani wameiga, na sasa wanatengeneza bia chachu za msimu wa sikukuu, zenye matunda, zilizokomaa pipani, zikiuzwa chupa moja moja kwa watu wanaozionja polepole na kuzijadili kama mvinyo. Uchachu ambao mwenye baa wa Kenya angeutupa kama bia iliyoharibika, wao wanaulipia zaidi.

Kwa nini basi ya kwetu haikukomazwa? Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Wabelgiji hupika lambic miezi ya baridi tu, na pipa lao hulala mahali baridi. Uwanda wa Kano uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei juu ya bahari, lakini jua lake la mchana hufikisha joto la nyuzi 30 bila shida. Pombe iliyo tamu leo ni siki kesho kutwa. Sababu ya pili ni hopsi, lile ua chungu ambalo Wazungu hutia kwenye bia na ambalo huwazuia bakteria wengi. Kong'o haina hopsi. Ya tatu ni chombo. Chungu cha udongo hupumua na hupasuka, na hakuna mti wa Kano uliowahi kupindwa kuwa pipa. Pombe ya hapa ilitengenezwa kwa siku yake, kwa watu wake, ikaisha.

Matunda nayo yana historia yake. Uwandani humu mkwaju, ambao Wajaluo huuita chwaa, umetiwa kwenye uji tangu zamani ili uwe mchachu, lakini kwenye thago kilichotawala ni nafaka. Pombe za matunda zilikuwa za kwingine. Wachagga wa Kilimanjaro huchemsha ndizi mbivu, wakachanganya na wimbi ulioota na maji ya gome chungu la msesewe, wakapata mbege, ambayo kwa kila kipimo ni bia chachu ya matunda. Wakikuyu hutumia tunda la mti ule unaozaa vitu kama soseji ndefu zinazoning'inia; likikaushwa hubeba chachu ya kuamsha asali au maji ya miwa, na pombe yake ni muratina. Mti huohuo umeota pia kando ya mito ya Nyanza, Wajaluo wanauita yago, wala hawakuutumia kwa kazi hiyo.

Nafaka zenyewe ni wageni wa zamani. Mwaka 2024 wanaakiolojia, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza walichokipata katika pango la Kakapel, kaunti ya Busia: kunde zenye umri wa miaka 2,300, na baadaye, kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, mtama na mbegu nyingi za wimbi. Wajaluo walipoanza kuingia Nyanza katika karne za 15 na 16 walikuta nchi ambayo tayari ilijua kulima vitu hivyo, na wao wenyewe walitoka kaskazini ambako mtama ndio chakula. Walipoenea Kano, kati ya ghuba ya Winam na kuta za milima ya Nandi, walikaa kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija. Mtama mwekundu ulivumilia vyote viwili, na uchungu wa punje zake ukawafukuza ndege.

Pombe katika maisha hayo haikuwa starehe iliyotengwa na kazi. Aliyetaka shamba lake lipaliliwe kwa siku moja aliita saga: majirani walikuja na majembe, wakafanya kazi hadi jua likachoma, kisha wakakaa kwenye thago. Bila chungu hapakuwa na wakulima. Kadhalika mazishi ya mzee, mahari, mavuno, na tambiko la kuwakumbuka waliotangulia. Wazee walizunguka chungu katika duol, kibanda cha mwenye boma, kila mmoja na mrija wake, na kikao hicho ndicho kilichoamua kesi za mipaka na ng'ombe. Wanawake hawakuketi kwenye mzunguko huo kwa haki sawa. Lakini chungu kilikuwa chao. Wao ndio waliojua siku ya kukanda na siku ya kukaanga, na hakuna mzee aliyeweza kufanya mkutano mwanamke wake asipotaka.

Reli ndiyo iliyoanza kubadilisha mambo. Mwezi wa Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi, kabla jina la Kisumu halijarudi. Pamoja na reli zikaja rupia, kodi ya nyumba, na kitu kimoja ambacho wanahistoria hukitaja mara chache: debe. Mafuta ya taa yaliletwa ndani ya makopo ya bati ya galoni nne, na mafuta yakiisha kopo lilibaki. Lilikuwa jepesi, halikupasuka, na lilibebeka kichwani. Mwanamke aliyekuwa akipika thago moja kwa ajili ya saga ya mumewe sasa aliweza kubeba debe hadi kwenye soko au kambi ya vibarua na kurudi na fedha ya kodi.

Vibarua hawakukosekana. Miwani ilianza kupandwa miwa ya kiwanda katika miaka ya 1920. Brooke Bond ilianza chai Kericho katika muongo huohuo, na maelfu ya vijana wa Nyanza wakapanda njia ya mlimani kwenda kuichuma. Njia hiyo ndiyo inayopita Awasi. Mahali hapa ni njia panda: Kisumu na Ahero nyuma yako, Kericho mbele, na barabara ya kwenda Chemelil ikikatiza mashamba ya miwa. Soko la njia panda lina watu wawili ambao halipungukiwi nao, anayetoka kazini na fedha na anayemngojea.

Serikali ya kikoloni iliiona pombe mapema sana. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuzuia au kupunguza utengenezaji wa pombe za kienyeji. Kwa kalamu moja, kile kilichokuwa shauri la jikoni kikawa shauri la chifu, na chifu akapata kitu cha kutozea. Ukame ukija, amri ya kutopika ilitolewa ili nafaka ibaki kuwa chakula. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana njaa za miaka ile ziliua, lakini iliwaangukia zaidi waliopika debe moja kuliko waliokusanya kodi.

Kanisa lilikuja kwa njia yake. Waadventista walitua Gendia, ng'ambo ya ghuba, mwishoni mwa 1906, nao hawakuwa na nafasi ya kong'o hata tone. Mwanglikana Walter Owen, shemasi mkuu aliyetetea wenyeji dhidi ya kazi za shuruti hadi walowezi wakamchukia, alianzisha mwaka 1923 chama cha walipa kodi wa Kavirondo, na wanachama wakaahidi kupanda miti, kuchimba vyoo na kujiepusha na ulevi. Halafu kuna Paul Mboya. Huyu alikuwa mchungaji Mwadventista na baadaye chifu wa Karachuonyo, na mwaka 1938 alitoa kwa Kijaluo kitabu cha mila za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, ambacho hadi leo familia hukitafuta zikibishana juu ya desturi. Mtu ambaye dini yake ilimkataza hata kulamba mrija ndiye tunayemwendea kuuliza jinsi baba zetu walivyoishi. Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kutabasamu juu ya jambo hilo.

Mijini mkoloni alikuwa na hila nyingine. Afrika Kusini, mji wa Durban ulikuwa umegundua tangu 1908 na 1909 kwamba manispaa ikiwa muuzaji pekee wa pombe ya kienyeji, Waafrika watalipia wenyewe gharama za kutawaliwa. Nairobi ilichukua fundisho hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikajenga kilabu chake Pumwani, na miji mingine ikafuata nyayo. Pombe ikapikwa na waajiriwa wa mji, ikamwagwa kwenye majagi, ikanywewa na wanaume waliokaa kwenye mabenchi ya saruji ndani ya ua wenye lango na saa ya kufunga. Mwanamke aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu kwa kosa la kushindana na manispaa.

Desemba ya 1922, wakati huohuo, ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na H. A. Dowding, walisajili kampuni ya bia nje ya Nairobi, huko Ruaraka. Inasimuliwa kwamba kreti kumi za kwanza zilipelekwa hoteli ya Stanley kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker. Kwa miaka zaidi ya ishirini Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinywa. Aliibeba na kuifungua, akasafisha glasi. Ruhusa ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari wa King's African Rifles waliporudi kutoka Burma wakiwa wamekunywa kila walichokipata na hawakuona sababu ya kuambiwa kwamba chupa si yao.

Chupa ilipopata heshima, chungu kiliipoteza. Karani na mwalimu waliagiza bia baridi. Kong'o ikabaki ya mzee, ya mjane, ya kijijini. Lakini kulikuwa na mshindani mwingine aliyekuwa amekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma. Askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, ambao wazao wao ni Wanubi wa Kibra na, huku kwetu, wa Kibos na Kibigori, walijua kukeneka. Chukua pombe iliyochacha, ichemshe, unase mvuke wake, upooze: kinachodondoka ni kikali mara kumi. Kwa muda mrefu watu wa mijini walikiita kinywaji cha Wanubi. Baadaye jina likawa chang'aa.

Hapa ndipo historia ya Awasi inapojitenga na ya mahali pengine, na sababu ni miwa. Baada ya uhuru serikali iliamua Kenya ijitosheleze kwa sukari, na viwanda vya Muhoroni na Chemelil vikaanza kazi katika miaka ya 1960, vikiungana na Miwani. Uwanda ukageuka kijani. Kila tani ya sukari huacha molasi, na wakulima wasiolipwa kwa wakati na kiwanda walijifunza kuchemsha maji ya miwa wenyewe na kuyagandisha kuwa sukari nguru. Molasi na sukari nguru havihitaji kuoteshwa, kukandwa wala kukaangwa. Vitie maji kwenye pipa la lita 200 lililowahi kuwa na dizeli, ongeza chachu, ngoja siku chache, washa moto. Kazi ya siku kumi ya wimbi na mtama ikawa haina mwenyewe. Kule Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoundwa 1978, ilifanya jambo hilohilo kwa leseni na mnara wa chuma, ikitengeneza spiriti na hamira kutoka kwa molasi.

Serikali huru ilikuwa imejaribu kwanza kuratibu. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 ilitoa leseni, na vilabu vya busaa vikaenea: jengo la mabati, meza ndefu, majagi ya plastiki au makopo makubwa, redio. Havikuwa vizuri sana. Pombe yake mara nyingi ilikuwa nyepesi na ya haraka, na wahubiri hawakuwa wakisingizia walipolalamikia mishahara iliyoishia huko. Hata hivyo palikuwa mahali palipojulikana, penye mwenye leseni anayeweza kuulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Rais Moi akiwa mpya madarakani, vilabu vilifungwa. Mwaka 1980 ikafuata sheria ya kupiga marufuku chang'aa.

Tufikirie kidogo yaliyotokea jikoni baada ya hapo, kwa maana ndiyo kiini cha jambo hili. Busaa haifichiki. Inachukua siku kumi, inahitaji moto mkubwa wa kukaangia, harufu yake hufika barabarani, na ikiwa tayari ni nzito, ya kubebwa na watu wawili, na itaharibika kesho. Chang'aa hukaa ndani ya jerikani, haiharibiki, na lita tano zina faida kuliko thago nzima. Mwanamke aliyekuwa na watoto wa kulipia karo na askari wa kumhonga hakuwa na uchaguzi mgumu. Sheria iliyotaka kupunguza ulevi iliua kinywaji cha asilimia 3 na kukuza cha asilimia 40. Naiona kuwa moja ya sheria zilizofeli vibaya zaidi katika historia ya Kenya, na wale walioitunga hawakuhitaji mtaalamu kuwaonya. Wangemuuliza mpishi yeyote wa Kano angewaeleza.

Vifo vilikuja baadaye, na vingi vilikuwa vya mbali na Nyanza. Mwaka 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu mia moja walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Hiyo si chang'aa ya sukari nguru iliyokenekwa na mama mjane. Ni kemikali ya viwandani iliyouzwa kwa jina lake. Lakini gazetini vyote viliitwa pombe haramu.

Pipa la kiwanda liliingia kwa kuahidi kuiondoa pombe hiyo. Kenya Breweries, kampuni ileile ya Tusker, ambayo ilikuwa imejenga kiwanda Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisha ikakifunga, ilianza kuuza Senator Keg mwaka 2004. Serikali iliisamehe ushuru kwa hoja kwamba ingemtoa maskini kwenye chang'aa. Haikuja kwa chupa bali kwa mapipa ya chuma ya lita 50, ikamiminwa kwenye kikombe. Mwaka huohuo mtoto wa mtu wa Kogelo, Barack Obama, alichaguliwa seneta Marekani, na kwa kuwa bia ilikuwa na jina la cheo chake, wanywaji walianza kuagiza Obama. Hakuna idara ya matangazo ambayo ingeweza kununua bahati hiyo.

Mwaka 2013 msamaha wa ushuru ulipunguzwa kwa nusu, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wanywaji wakarudi walikotoka. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa. Kisha, 2019, kiwanda kipya cha Kisumu kikafunguliwa, mradi uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 15, kikitegemea mtama wa wakulima wa magharibi. Mtama ulirudi. Lakini si uleule. Kiwanda kinataka mweupe, usio na uchungu, na uchungu ndio uliokuwa ukiwafukuza ndege. Mkulima wa Nyando anayepanda mweupe lazima aweke watoto shambani kupiga makelele asubuhi na jioni. Fedha anapata, hilo halina ubishi, na ni fedha ambayo babu yake hakuiona kwenye mtama.

Kinachokosekana kwenye kikombe ni uchachu. Kiwandani asidi ya laktiki ni adui. Kila bomba huoshwa na kila pipa huchemshwa ili bakteria hao wasipate pa kukaa. Kegi ni safi, baridi, tamutamu, na ladha yake ni ileile Awasi, Nakuru na Thika. Ni bia halali ya mtama iliyotolewa kila kitu ambacho mtama wa Kano ulikuwa ukisema.

Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo Wakenya waliipa jina la mbunge wake, John Mututho, ilifuta ile ya 1980 ya chang'aa. Kinadharia, kong'o na hata chang'aa zikawa halali tena. Kiutendaji, mpishi alitakiwa kuwa na leseni, kufikia kipimo cha Shirika la Viwango, kufunga chupani na kuweka lebo yenye onyo. Masharti hayo yanamfaa mwenye kiwanda. Hayamfai mwanamke mwenye thago mbili ambaye kinywaji chake kimejaa uhai na kingeipasua chupa kabla ya jioni.

Kwa hiyo inaendelea ilivyokuwa: kwa siri iliyo wazi. Katika wiki za mwisho za Desemba, mabasi ya Nairobi yakishusha watu Awasi na Ahero, bomani bado kuna moto wa kukaangia. Mahindi yamechukua nafasi ya mtama, ndoo ya plastiki imechukua ya chungu, na oseke ni adimu. Wengi hunywa kwa kikombe. Vijana hucheka harufu yake kisha hunywa. Wachache wao wanaofanya kazi Ulaya na Marekani wamekunywa huko bia chachu za pipani na kulipa dola kwa chupa, na wanaporudi nyumbani ndio wa kwanza kuitambua ladha.

Katiba ya 2010 iliweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Bunge la Kaunti ya Kisumu halihitaji ruhusa ya Nairobi kuunda leseni ya wapishi wadogo wa kong'o, yenye ada ndogo, ukaguzi wa usafi na upimaji wa methanoli, bila sharti la chupa, na inayokataza kukeneka. Maseno kuna chuo kikuu chenye maabara, na vijijini bado wapo wanawake wanaojua kuotesha wimbi, ingawa wengi wao ni ajuza. Waheshimiwa wa Nyando na Muhoroni wauwasilishe mswada huo kabla ya Desemba, wakawaite wanawake hao kutoa ushahidi wangali hai.